Juu ya Walimu Wafungao Mlango

Ya kusomwa kwanza: Yohana 6:60-69, Yohana 10:1-15, Matendo 17:10-12, 1 Wathesalonike 5:19-22.



Fundisho la mwezi huu si la kupendeza, lakini ni la lazima. Twataka kujifunza jinsi mtu mwenye akili timamu, ampendaye Mungu, awezavyo kuongozwa kidogo kidogo na mwalimu mwovu, hata akaiacha nyumba yake, akawanyima watoto wake chakula, huku akiamini ya kuwa ampendeza Mungu. Watu wengi husema juu ya hao, "Walikuwa wajinga," kisha huishia hapo. Asemaye hivyo hajajifunza neno. Tena amejiweka katika hatari, kwa sababu adhani ya kuwa mtego huo umetegwa kwa ajili ya wengine tu.

1. Mambo yaliyotukia kwa jirani zetu

Huko Uganda, mahali paitwapo Kanungu, palikuwa na chama kilichojiita Harakati ya Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Wakuu wake walikuwa Credonia Mwerinde, aliyedai kupokea maneno kutoka kwa Bikira Maria, na Joseph Kibwetere, mtu wa heshima aliyewahi kusimamia shule za Kikatoliki, na Dominic Kataribabo, padre aliyesoma hata Marekani. Wafuasi waliambiwa ya kuwa dunia itakwisha mwishoni mwa mwaka 1999. Siku hiyo ikapita, jua likachwa na kucha kama desturi. Tarehe 17 Machi 2000 watu wa chama hicho walikusanyika katika nyumba yao ya sala, milango na madirisha yakafungwa, na moto ukawaka. Mamia walikufa humo, watu wazima na watoto. Baadaye mashimo yenye maiti yalifukuliwa katika nyumba nyingine za chama, na hesabu ya wote ikapita watu 700.

Huko Kenya, Paul Mackenzie alianzisha kanisa lake mjini Malindi mwaka 2003, akahubiri hata kwa televisheni. Alifundisha ya kuwa shule ni ya Shetani, na hospitali vivyo hivyo, na ya kuwa namba za serikali za kuwatambulisha watu ni alama ya yule mnyama wa Ufunuo. Mwaka 2019 aliifunga nyumba ya ibada, na wafuasi wake wengi wakahamia msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi. Sehemu za msitu huo zikapewa majina ya Biblia, kama Bethlehemu na Nazareti. Mwezi wa Aprili 2023 polisi waliwakuta humo watu waliokonda kwa njaa, kisha makaburi yakaanza kufukuliwa. Maiti zaidi ya 400 zilitolewa. Matabibu waliozichunguza waliona ya kuwa wengi walikufa kwa njaa, na wengine, wakiwamo watoto, walinyongwa au kupigwa. Mackenzie na wenziwe walishtakiwa mbele ya mahakama mwaka 2024, nao wakayakana mashtaka. Kumhukumu mtu ni kazi ya mahakama. Kazi yetu sisi ni kujifunza, tusije tukawazika watu wetu wenyewe.

Wala jambo hili halikuishia hapo. Mwaka 2025, mahali paitwapo Kwa Binzaro, karibu na Shakahola, maiti nyingine zaidi ya 30 zilifukuliwa. Basi tusiseme, "Watu wamekwisha kuonywa, hawatadanganyika tena."

2. Hakuna aingiaye kwa kutaka kufa

Wavuvi wa Kibara waijua kazi ya taa. Usiku usio na mbalamwezi huziweka taa zao juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri. Dagaa huja wenyewe penye nuru, wala hapana awafukuzaye. Hawauoni wavu, maana waitazama taa. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho ya kuwa Shetani hujigeuza aonekane kama malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14). Angekuja na giza lake, nani angemfuata?

Tazameni sasa jinsi wavu unavyovutwa.

Kwanza, upendo wa haraka. Mwalimu wa namna hii hamwendei mtu aliyeshiba na kutulia. Humtafuta mjane aliyefiwa jana, au mgonjwa aliyezunguka hospitali tatu asipone, au kijana aliyetoka mbali kuja kambi ya dagaa, asiye na mjomba wala shangazi hapa. Huyo hupokelewa kama mwana wa mfalme. Jina lake lajulikana siku ya kwanza, watu wakesha pamoja naye, wamletea chakula. Upendo si kosa. Lakini upendo wa Kristo hautozi, na upendo huu ni deni ambalo siku moja litadaiwa.

Pili, kutengwa. Mtu huambiwa ya kuwa ndugu zake ni watu wa dunia, na mchungaji wake wa kwanza ni kipofu, na habari za redio ni za uongo. Kisha shule yakatazwa, na hospitali yakatazwa. Kila katazo hutolewa kwa jina la utakatifu. Kule Kanungu watu walikatazwa hata kusema, wakaongea kwa ishara za mikono, ati wasije wakaivunja amri juu ya ushuhuda wa uongo. Fikirini jambo hilo. Asiyesema na mtu hawezi kuuliza, na asiyeuliza hatajua kamwe ya kuwa jirani yake aliyeketi ubavuni naye ana mashaka yayo hayo.

Tatu, ungamo lililogeuzwa kuwa kamba. Katika kanisa letu mtu huungama ili afunguliwe, na mchungaji aliyeyasikia huyafunika. Katika vyama hivi mtu huungama ili afungwe. Dhambi zake zahifadhiwa, na siku atakapotaka kuondoka atakumbushwa mbele ya watu.

Nne, mwili kudhoofishwa. Kufunga ni desturi njema ya Wakristo tangu mwanzo, na kukesha pia. Lakini mtu akinyimwa chakula na usingizi siku nyingi mfululizo, akili yake haiwezi tena kupima maneno. Atakubali lo lote, na udhaifu wake ataudhani kuwa ni Roho.

Tano, mali. Mtu huambiwa auze shamba, ng'ombe na mabati ya nyumba, kwa kuwa mwisho umekaribia. Mwisho ungekuwa umekaribia kweli, mwalimu angezitakia nini fedha hizo? Lakini hasara kubwa si fedha. Aliyeuza nyumba hana mahali pa kurudi.

Sita, woga na tarehe. Siku ya mwisho yatajwa, na yule atokaye chamani aambiwa ya kuwa atapotea pamoja na ulimwengu.

Angalieni, ndugu: kila hatua ni ndogo, na kila hatua hufunga mlango mmoja. Wa kwanza ni mlango wa ndugu, kisha wa habari, kisha wa siri za moyo, kisha wa nguvu za mwili, kisha wa nyumbani. Hata ufikapo mlango wa mwisho, ule wa Kanungu, mingine yote imekwisha kufungwa zamani.

3. Kwa nini hawatoki?

Watu huuliza: "Mbona hawakukimbia?" Wengine walikimbia kweli, na kwa ajili ya hao tuna habari. Lakini wengi hawakuweza. Walipookolewa kutoka Shakahola, baadhi yao walikataa chakula waliyopewa na waokoaji. Miguu yao ilikuwa imetoka msituni, mioyo yao ilikuwa imebaki humo.

Mabingwa wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili, na maneno yao yatusaidia. Katika miaka ya 1950 huko Marekani, Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari iliyochorwa, akauliza ni upi ulio sawa na mwingine. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini kila mtu aliyejaribiwa aliketi kati ya wengine waliopatana kwa siri kujibu uongo. Yapata theluthi moja ya majibu yaliufuata uongo wa wengi, kinyume cha macho ya mjibuji mwenyewe. Kisha Asch akaweka kati yao mtu mmoja tu wa kusema kweli, na mara wale waliofuata uongo wakapungua sana. Likumbukeni hili, maana tutalirudia: mtu mmoja tu.

Mwingine, Leon Festinger, pamoja na wenzake, alikichunguza kikundi kimoja karibu na Chicago kilichongoja gharika tarehe 21 Desemba 1954. Gharika haikuja. Je, wote waliona haya wakatawanyika? La. Baadhi yao, hasa wale waliokwisha kuacha mali na kazi, walianza kuhubiri kwa bidii kuliko kwanza. Tusistaajabu. Aliyeuza shamba lake kwa ajili ya neno huona ni vyepesi kuliamini tena kuliko kukiri ya kuwa aliuza bure. Kwa hiyo siku unabii uangukapo si lazima iwe siku ya wokovu, yaweza kuwa siku ya hatari zaidi. Huko Kanungu, tangu siku ile iliyopita bure hata siku ya moto, haikutimia miezi mitatu.

Tena si Afrika peke yake. Jim Jones aliwachukua watu wake kutoka California, Marekani, mpaka msitu wa Guyana, na tarehe 18 Novemba 1978 watu zaidi ya 900 walikufa, karibu theluthi moja wakiwa watoto na vijana. Kabla ya siku ile walikuwa wamezoezwa: usiku waliamshwa na kupewa kinywaji wakiambiwa ni sumu, kisha wakaambiwa ilikuwa ni kujaribiwa tu. Utii ulifanywa mazoea kabla ya kufanywa mauti. Haya si maradhi ya kabila fulani, wala ya watu wasiosoma. Ni maradhi ya wanadamu.

4. Neno la Mungu latupa kipimo

Tupime kwa nini? Si kwa ngoma, wala kwa sauti kubwa, wala kwa mavazi. Katika nchi yetu ya Mara tunakaa pamoja na Wakatoliki, Wamenoniti, Waadventista, ndugu wa Africa Inland na Wapentekoste. Kutofautiana nasi si kuwa mwovu. Kipimo ni mlango: je, mwalimu huyu huuacha wazi, au huufunga?

Bwana wetu aliuacha wazi. Wengi walipochukizwa na neno lake wakarudi nyuma, hakuwafuata kwa vitisho, wala hakuwalaani. Aliwageukia wale Thenashara, akawauliza kama wao nao wanataka kwenda zao (Yohana 6:67). Yeye ambaye kweli ana maneno ya uzima aliwapa nafasi ya kuondoka. Petro alibaki kwa moyo wake, si kwa kufungiwa. Mtu akuambiaye ya kuwa huwezi kuondoka kwake ila umepotea, amejitwalia haki ambayo Mwana wa Mungu mwenyewe hakuitumia.

Bwana alinena hadharani, na mbele ya kuhani mkuu alisema ya kuwa hakusema neno kwa siri (Yohana 18:20). Watu wa Beroya walimsikia Paulo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa kwa sababu hiyo (Matendo 17:11). Kama mtume alipimwa, mimi mchungaji ni nani nisipimwe?

Juu ya siku ya mwisho, Bwana alisema haijulikani kwa mtu ye yote (Mathayo 24:36). Atajaye tarehe amekwisha kujihukumu kabla ya tarehe kufika. Na juu ya nabii ambaye neno lake halikutimia, Musa asema Bwana hakumtuma, wala tusimwogope (Kumbukumbu la Torati 18:22).

Juu ya mali, Petro alimwambia Anania ya kuwa shamba lilikuwa lake, na hata lilipouzwa fedha zilikuwa katika uwezo wake (Matendo 5:4). Hakuadhibiwa kwa kutokutoa, aliadhibiwa kwa uongo.

Na juu ya chakula, someni habari za binti Yairo. Bwana alipomfufua yule msichana, wote wakishangaa, neno aliloagiza lilikuwa kwamba mtoto apewe chakula (Marko 5:43). Ndugu, liwekeni neno hili moyoni. Yesu aliye na mamlaka juu ya mauti hakusahau ya kuwa mtoto ana njaa. Basi amwambiaye mama amnyime mtoto chakula ili akamwone Yesu, ametumia jina la Yesu kinyume cha neno la Yesu. Na kama katekisimo yetu inavyotufundisha katika sharti la kwanza la imani, mwili na akili na chakula ni zawadi za Mungu Baba. Azidharauye zawadi amtukana Mtoaji.

5. Kazi yetu

Kwanza, tujipime wenyewe. Je, katika usharika wetu mwanafunzi wa ubatizo aweza kuuliza swali gumu asikemewe? Je, fedha za sadaka zasomwa mbele ya wote? Je, mgonjwa aliyeombewa aambiwa pia aende hospitali? Tukiufunga mlango sisi, tumewafundisha watu wetu kuzoea mlango uliofungwa, na siku mwovu ajapo hawataona tofauti.

Pili, tuwatafute walio peke yao kabla hawajatafutwa na mwingine. Mwalimu, wajue wageni walio katika kambi za uvuvi. Ingia kwa mjane hata baada ya matanga kuondoka, maana siku hizo ndizo za ukiwa mkubwa. Mtu apendwaye nyumbani hainunui kwa urahisi taa ya mgeni.

Tatu, ndugu yenu akiisha kuingia, msimcheke, wala msimfukuze, wala msimshindanie kwa makelele. Aliambiwa tangu mwanzo ya kuwa mtamtukana, na mkimtukana mtakuwa mmemtimizia mwalimu wake unabii. Mwandikieni, mpigieni simu, mpelekeeni habari za shangazi na za watoto na za mvua. Muulizeni kwa upole, kisha mngoje jibu. Mkumbukeni yule mtu mmoja aliyesema kweli kati ya waongo. Yawezekana wewe ndiwe mtu huyo kwa ndugu yako, na sauti yako moja yatosha kumkumbusha ya kuwa macho yake hayakumdanganya.

Nne, lakini penye mtoto anyimwaye chakula, shule au dawa, au mtu afungiwaye asitoke, usingoje. Upole si kunyamaza. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, kwa polisi. Kwa ajili ya watoto iko pia simu ya bure, namba 116. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 yampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na tumshukuru Mungu kwa uhuru huo. Lakini haikumpa mtu ruhusa ya kumwua mtoto kwa njaa.

Tano, arudiye apokewe. Atarudi bila ng'ombe na bila shamba, pengine bila mke au mume, na aibu yake itakuwa kubwa kuliko umaskini wake. Yule baba wa Luka 15 hakungoja maelezo mlangoni, alimkimbilia mwana angali mbali. Msimsimamishe mbele ya usharika asimulie mambo yake ili watu wastaajabu. Mpeni mahali pa kulala, na kazi, na muda. Mashaka yatamrudia usiku, na woga wa kuwa amelaaniwa utamshika. Kaeni naye. Kwa muda mrefu hataweza kumwamini mchungaji ye yote, nanyi msikasirike, kwa kuwa ana sababu.

Maswali ya kujadiliwa na walimu na wanafunzi

1. Katika zile hatua sita, ni ipi iliyo ngumu kutambuliwa na mtu aliye ndani, na kwa nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya kufunga kwa Kikristo na njaa ya Shakahola? Tumieni Mathayo 6:16-18 na Marko 5:43.
3. Ni nani katika kijiji chenu ambaye hajatembelewa mwezi huu? Nani atakwenda, na siku gani?
4. Kama mtu aliyetoka katika chama cha namna hii angefika Jumapili ijayo, angeketi karibu na nani?

Swali la tatu lisijibiwe kwa maneno matupu. Andikeni jina, na mkutanapo tena mwulizane.

Bwana Yesu, Mchungaji mwema aliye mwenyewe mlango, awalinde kondoo wake wa Kibara na wa mahali pote, naye atupe sisi tuliowekwa kuwachunga kuuacha wazi mlango alioufungua yeye. Amina.